Uwanja Nao Ni Tiba: Somo la Butaro kwa Wapiganaji Wazee

Kijana aliyeingia Vita vya Kagera mwaka 1978 akiwa na miaka 20 alitimiza 60 mwaka 2018, umri ambao Sera ya Taifa ya Wazee ya Tanzania ya 2003 ilimhesabu mtu kuwa mzee. Makazi ya rika hilo yakipangwa, mara nyingi vyumba huchorwa kwanza, na ardhi inayobaki ndiyo huitwa bustani.

Hospitali ya Butaro, wilayani Burera, Rwanda, iliyofunguliwa 2011, haikufuata mtindo huo. Wasanifu wa MASS Design Group waliondoa korido za ndani, wakahamishia mapito na sehemu za kusubiri kwenye baraza za nje, ili hewa yenye vijidudu vya kifua kikuu isibaki ikizunguka baina ya wagonjwa. Wodini, vitanda viliegemezwa kwenye ukuta mfupi wa katikati, kila mgonjwa akielekea dirishani. Kwa mpango huohuo wa kukinga maambukizi, mgonjwa akapata na mandhari ya kutuliza moyo.

Mandhari hayo si urembo. Mwaka 1984 Roger Ulrich alichapisha katika jarida la Science ulinganisho wa wagonjwa 46 wa Pennsylvania waliopasuliwa mfuko wa nyongo. Waliotazama miti walikaa hospitalini wastani wa siku 7.96 baada ya upasuaji. Waliotazama ukuta wa matofali, siku 8.70, tena wakitumia zaidi dawa kali za maumivu. Kundi lilikuwa dogo, lakini tofauti ilipimika.

Makazi ya wapiganaji wazee yanayopangwa Chapwa, mjini Tunduma, yachukue kanuni ya Butaro, ya kupanga nje pamoja na ndani, si ramani yake. Hapa ni takriban nyuzi 9 kusini mwa Ikweta: jua la mchana la Juni na Julai, miezi ya baridi, huwa kaskazini, la Desemba huinama kusini kidogo ya utosi. Baraza ikielekea kaskazini, mzee ataota jua wakati wa baridi, na Desemba paa litamfunika.

Kelele ni hoja ngumu zaidi. Malori ya barabara ya TANZAM hupanga foleni kuelekea mpaka wa Nakonde, na mlio wa ghafla wa tairi lililopasuka unaweza kumrudisha vitani mwenye kiwewe. Safu moja ya miti huficha lori, haizimi sauti yake. Majengo yenyewe yakae upande wa barabara, bustani iwe nyuma yake.

Benchi liwe na ukuta mgongoni na lango mbele, maana aliyezoea lindo hatulii asipomwona anayeingia. Njia izunguke bila kukwama popote, mwinuko wake usizidi mita 1 kwa kila mita 20. Matuta ya mchicha na maharage yainuliwe kwa matofali, mzee apalilie bila kuinama.

Yote haya ni rahisi kwenye karatasi, ghali baada ya msingi kuchimbwa. Kamati ya ujenzi isipitishe mchoro wa vyumba kabla ya kuletewa mchoro wa uwanja.