Nani Aliagiza Picha Hii?

Mpigapicha wa studio hulijua jibu la swali hili kabla hajagusa kamera. Aliyeagiza picha ameketi mbele yake, amevaa nguo ya sikukuu, na malipo ameshatoa. Mpigapicha wa habari yuko katika hali nyingine kabisa. Aliyeagiza yuko mbali, pengine katika chumba cha habari cha nchi nyingine, na anayepigwa picha hajui sura yake itafika wapi. Nimekuwa nikilitumia swali hili kuzisoma kazi za wapigapicha wawili waliobadilisha namna Afrika inavyotazamwa: Mohamed Amin wa Nairobi na Seydou Keïta wa Bamako. Kila ninapolitumia, naona kwamba malalamiko yetu ya kila siku kuhusu "picha mbaya za Afrika" yanaelekezwa mahali pasipo penyewe.

Tuanze na Amin, kwa kuwa ni wa kwetu. Alizaliwa Nairobi mwaka 1943 na kukulia Dar es Salaam, na ni Dar hiyohiyo alipoanzisha kampuni yake ya Camerapix mwaka 1963, akiwa kijana wa miaka 20, kabla ya kuihamishia Nairobi. Tom Mboya alipopigwa risasi Julai 1969, kamera ya Amin ilikuwa miongoni mwa zilizofika mapema. Kwa miaka mingi alikuwa jicho ambalo mashirika makubwa ya habari yalilitegemea katika ukanda huu. Lakini dunia inamkumbuka zaidi kwa jambo moja: Ethiopia, Oktoba 1984.

Tarehe 23 ya mwezi huo BBC ilionyesha taarifa ambayo Amin aliipiga na mwandishi Michael Buerk akaisomea maelezo. Alfajiri kwenye uwanda nje ya mji wa Korem, watu wamejitanda mashuka, moshi na ukungu vimechanganyika, na ardhini kuna maiti zilizoviringishwa tayari kwa maziko. Ukiitazama leo, kinachokushika ni utulivu wake. Kamera haiendi mbio. Inakaa na uso mmoja kwa muda mrefu kuliko ilivyo kawaida ya taarifa ya habari, kana kwamba anayepiga anakataa kuondoka mapema. Hapo ndipo ulipo ustadi wa Amin, na ndiyo sababu watu walioizoea njaa kama neno la gazetini walishindwa kumaliza chakula chao cha jioni.

Yaliyofuata yanajulikana. Taarifa ile ilirudiwa na vituo vingi vya televisheni duniani. Bob Geldof aliitazama, akawakusanya wanamuziki wenzake, na kabla mwaka haujaisha wimbo wao ulikuwa sokoni. Tarehe 13 Julai 1985 likaja tamasha la Live Aid, London na Philadelphia kwa siku moja. Mamilioni ya dola yalichangwa na ndege za chakula zikaruka. Msomi anayeketi maktabani na kuibeza kazi ile kwa sababu "ilituaibisha" ajiulize kwanza kama angethubutu kusema hivyo mbele ya mama aliyepokea unga ule.

Heshima hiyo tukishaitoa, turudi kwenye swali letu. Nani aliagiza picha za Korem? Si watu wa Korem. Watazamaji waliokusudiwa walikuwa Ulaya na Marekani, na maelezo yaliyoambatana na picha yaliandikwa kwa ajili yao. Buerk aliifananisha njaa ile na njaa za enzi za Biblia. Ni mfano wenye nguvu, lakini una gharama yake. Njaa ya kwenye Biblia haina serikali wala jenerali. Inashuka kutoka juu kama mvua inavyokataa kushuka. Njaa ya Ethiopia ilikuwa na ukame, ndiyo, lakini ilikuwa pia na vita. Serikali ya kijeshi ya Mengistu Haile Mariam ilikuwa ikipigana na waasi katika Tigray na Eritrea, na katika maeneo hayo jeshi lilishambulia masoko na kubana biashara ya nafaka. Septemba 1984, mwezi mmoja kabla ya taarifa ile kurushwa, Addis Ababa ilikuwa imepambwa kwa sherehe za miaka 10 ya mapinduzi. Baadaye mamia ya maelfu ya watu walihamishwa kupelekwa kusini na magharibi mwa nchi, wengi kwa nguvu. Hayo yote hayaonekani katika uso wa mtoto mwenye njaa. Mtazamaji akiachiwa uso huo peke yake, atajaza mwenyewe sababu inayokosekana, na sababu aliyoijaza mara nyingi ni kwamba Afrika ndivyo ilivyo.

Ushahidi upo katika ule wimbo wenyewe, ambao jina lake linauliza kama watu hao wanajua kwamba ni Krismasi. Waliokuwa Korem wengi wao walikuwa Wakristo wa Kanisa la Orthodox la Ethiopia, kanisa lenye mizizi tangu karne ya 4, ambalo huadhimisha Krismasi tarehe 7 Januari. Walioimba hawakuwa watu wabaya. Waliziona picha ambazo hazikuwaambia wanawatazama kina nani.

Kuna mtoto mmoja wa njaa ile ambaye dunia ilikuja kumjua kwa jina. Birhan Woldu alikuwa na umri wa miaka mitatu hivi alipopigwa na kikosi cha televisheni ya CBC ya Kanada, kwa hiyo filamu yake si ya Amin. Uso wake ulionyeshwa kwenye Live Aid, na watu wakaamini amekufa. Mwaka 2005 alipanda jukwaani London katika tamasha la Live 8, msichana mzima aliyekwenda shule. Nakumbuka jinsi nilivyoshtuka niliposoma habari zake, kisha nikajishangaa kwa kushtuka. Kwani nilitegemea nini? Mwenye sura ile alikuwa mtu, na watu wakipona hukua. Mimi ninayetoka jirani na Ethiopia nilikuwa nimeizoea ile sura kama alama tu, sawasawa na mtazamaji wa London.

Ajabu ni kwamba Amin mwenyewe hakuwa mpigapicha wa njaa tu. Alitoa kitabu cha picha za hija ya Makka mwaka 1978, na kingine kuhusu Ziwa Turkana na watu wanaoishi kando yake. Humo kuna mwanga, safari, ibada, na nyuso zisizoomba chochote. Mwaka 1991 mlipuko wa ghala la silaha Addis Ababa ulimkata mkono wa kushoto na kumuua mwenzake wa sauti. Akarudi kazini na mkono wa bandia. Alifariki Novemba 1996 katika ndege ya Ethiopian Airlines iliyotekwa na kuanguka baharini Komoro. Maisha yote hayo, na soko la picha likachagua wiki chache za mwaka mmoja. Kwa hiyo hata mpigapicha naye anaweza kupigwa picha moja na kubaki nayo milele.

Sasa twende upande wa pili wa bara, miaka 36 nyuma. Seydou Keïta, fundi seremala, alifungua studio yake Bamako mwaka 1948. Kamera yake ya kwanza ilikuwa Brownie ya Kodak aliyoletewa na mjomba wake. Amin naye alianza utotoni na Brownie. Mashine ni ileile, kinachotofautiana ni mwagizaji. Wateja wa Keïta walikuja na nguo zao bora, na asiyekuwa nayo aliazimwa studio: suti, saa ya mkononi, kalamu ya kuchomeka mfukoni, redio ya kuegemea. Nyuma yao palitundikwa kitambaa chenye maua. Kwa miaka ya mwanzo kilikuwa shuka la kitanda chake mwenyewe. Alipiga uani, kwa mwanga wa jua, mara nyingi picha moja tu kwa kila mteja kwa sababu filamu ilikuwa ghali.

Itazame ile picha ya kijana mwenye suti nyeupe na miwani mizito. Ameshika ua moja mkononi, kalamu iko mfukoni, na anatutazama kama mtu aliyeamua jambo. Mali bado ni koloni la Ufaransa picha hii inapopigwa, lakini huoni koloni humo. Unaona alivyotaka kuonekana. Je, ua lile lilikuwa lake? Pengine la studio. Haidhuru. Nguo ya kuazima bado imevaliwa na mtu aliyeichagua.

Wengi wetu tunazo picha za aina hii nyumbani bila kuziita sanaa. Bibi yangu anayo moja aliyopiga Tanga akiwa mwari, amesimama mbele ya pazia lililochorwa ndege ya abiria, mkoba mkononi, viatu vya dada yake miguuni. Hajawahi kupanda ndege mpaka leo. Ukimuuliza kwa nini alichagua pazia lile, anakujibu kwamba pazia jingine lilikuwa la mnazi, na minazi anayo kwao.

Ingekuwa rahisi kuishia hapa na kusema studio ni njema, habari ni mbaya. Lakini kazi ya Keïta yenyewe inatukatalia. Mwaka 1991 baadhi ya picha zake zilionyeshwa New York katika maonyesho ya sanaa ya Afrika, na maelezo yake yakasema mpigapicha hajulikani. Keïta alikuwa hai Bamako. Baadaye alitafutwa, akapatikana, na mwaka 1994 akafanyiwa maonyesho yake Paris. Jina lake likarudi, na kwa haki. Lakini picha zilizotoka studio zikiwa ndogo, za kushika mkononi na kuwatumia ndugu, sasa zilikuzwa zikajaa ukuta, na kuuzwa kwa bei ambayo mteja wa Bamako asingeiota. Na yule kijana mwenye ua? Ukutani anaandikwa "Bila jina". Picha aliyoiagiza na kuilipia imepata mwagizaji mpya, na mwagizaji mpya hakuhitaji kujua anaitwa nani.

Hapo ndipo Korem na Bamako zinapokutana. Sura ya mtu inaweza kuondoka na machozi au ikaondoka na suti, lakini ikishavuka mpaka bila jina na bila sababu, inakuwa kitambaa cheupe ambacho kila mtu anachora anachokitaka. Mmoja atachora huruma, mwingine atachora umaridadi. Umaridadi unapendeza zaidi, sikatai. Ila yule mtu bado hayupo.

Hili si suala la makumbusho peke yake. Miaka miwili iliyopita nilipata kibarua cha kupiga picha za mradi wa maji kwa ajili ya ripoti ya shirika moja. Mama mmoja niliyetumwa kwake alinitazama na kamera yangu, akasema, "Subiri, mwanangu," akaingia ndani. Alitoka amebadili khanga, amejipaka mafuta, ameweka kiti mbele ya mlango uliopakwa rangi ya bluu. Akaketi, akawapanga wajukuu kwa urefu. Nikapiga. Nikapiga pia alipokuwa amerudi kwenye khanga ya kazi, anabeba ndoo. Ofisi ilichukua ile ya ndoo. Nilipouliza kuhusu ya mlango wa bluu, nikajibiwa kwamba nzuri sana, ila haionyeshi uhitaji. Mama yule alikuwa ameagiza Keïta, ofisi ilikuwa imeagiza Korem, na mwenye kulipa ndiye aliyesikilizwa. Fomu ya ridhaa ilikuwa imewekwa saini vizuri kabisa. Haikuwa na mstari wa kuuliza anataka aonekaneje.

Ndiyo maana siridhiki na wito tunaousikia siku hizi kwamba tuache kupiga picha za shida na tupige za furaha. Njaa ipo, na asiyeipiga picha huwasaidia wanaoisababisha. Mengistu asingependa kitu zaidi ya kamera zilizobaki kwenye sherehe za Addis. Ninachodai ni kidogo na ni kigumu: maelezo ya picha yafanye kazi yake. Maelezo ya picha ya Korem yaseme mwaka, mahali, vita, na nani aliyeshambulia masoko. Ya Bamako yaseme kwamba hapa aliketi mtu aliyelipa, na kama jina lake halijapatikana, isemwe kwamba lilitafutwa. Ya ripoti yangu yaseme jina la mama yule kama atakubali, na ichapishwe picha aliyoiandalia kiti.

Amin na Keïta walifanya sehemu yao, kila mmoja na Brownie yake. Maelezo ya chini ya picha tunayaandika sisi tulio na simu mkononi na kurasa za kuchapisha, na mara nyingi tunayaandika baada ya picha kushatumwa, kwa haraka, kwa maneno mawili matatu. Nimeichapa ile picha ya mlango wa bluu kwenye karatasi, saizi ya kushika mkononi, nikampa kondakta wa basi la kwenda kule kijijini amfikishie mwenyewe.