Sudo Bila Mtu wa Kuandika Nywila

Skripti ya kupeleka toleo jipya kwenye seva ikikwama, mara nyingi hukwama kwenye `sudo`. Faili zimeshanakiliwa, kazi iliyobaki ni kuiwasha upya huduma, na sudo inadai nywila wakati hakuna mtu kwenye kibodi.

Dawa ya haraka wengi wanaijua: `deploy ALL=(ALL) NOPASSWD: ALL`. Inatibu papo hapo, ndiyo maana haiondolewi tena. Kuanzia hapo, ufunguo wa SSH wa mtumiaji deploy, unaolala kwenye mashine ya kujengea programu, umegeuka ufunguo wa root.

Ruhusa inayotosha ni finyu zaidi:

`deploy ALL=(root) NOPASSWD: /usr/bin/systemctl restart duka.service`

Sudo hailinganishi jina la amri peke yake, huangalia pia yale yanayoifuata. Ukiishia kwenye `/usr/bin/systemctl` tu, umeruhusu chochote kitakachofuata. Ukiweka kinyota, `restart duka*`, hali ni karibu ileile, kwa kuwa kinyota humeza hata nafasi: `restart duka.service sshd.service` inapita bila swali. Mstari wenyewe uandike kwa `visudo -f` ndani ya `/etc/sudoers.d`, na jina la faili lisiwe na nukta, maana sudo huiruka faili ya namna hiyo bila kusema neno.

Hata amri inayoonekana ya upole ina mlango wa nyuma. `systemctl status`, maelezo yakizidi ukubwa wa skrini, huyafungua ndani ya `less`. Kwenye systemd za kabla ya toleo la 247, mtu aliyeendesha amri hiyo kwa sudo aliandika `!sh` humo akatoka akiwa root.

Wengine huruhusu skripti moja, tuseme `/opt/duka/washa.sh`, inayofanya yote. Wazo zuri, ila tazama folda. Faili ikiwa ya root na folda ikiwa ya deploy, deploy hawezi kuihariri faili hiyo, lakini anaweza kuifuta na kuweka yake kwa jina lilelile. Hapa ndipo naona watu makini wakiteleza.

Kuna pia kosa linalowarudisha watu kwenye `ALL`: `sudo echo ... > /etc/duka.conf` hukataliwa, nao hudhani ruhusa haitoshi. Kumbe faili hiyo hufunguliwa na sheli, kwa ruhusa za deploy, kabla sudo haijaanza. Tumia `sudo tee /etc/duka.conf`, nayo iandikwe kwenye sudoers kwa njia kamili, `/usr/bin/tee /etc/duka.conf`.

Ndani ya skripti, ita `sudo -n`: nywila ikihitajika, amri hushindwa papo hapo na kosa huonekana kwenye kumbukumbu.

Kwa Ansible mbinu hii haisaidii. Moduli zake hupelekwa kama faili za muda zenye majina yanayobadilika, hivyo hakuna amri maalumu ya kuorodhesha. Huko nguvu zote zielekezwe kwenye mashine inayotunza ufunguo.