Nani Analia, Nani Kampiga

Pikapu ilirudi Baraka kutoka Fizi jioni, Hilux ya esansi ya silinda nne, nyuma bado inanuka ndagala waliopandishwa mlimani asubuhi. Taa ya injini, ile ya rangi ya chungwa, ilikuwa imewaka siku ya tatu. Dereva alikuwa ameshaamua mwenyewe: masega yamekufa, yakatwe, bomba liungwe moja kwa moja kama wanavyofanya wengine. Fundi alimsikiliza hadi mwisho, akavuta kigoda chini ya mwembe, akaanza kuuliza.

Iliwaka wapi, kwenye kupanda au kwenye tambarare? Esansi ilinunuliwa kituoni au kwa kadhafi, wale wauzaji wa bidoni kando ya barabara? Gari linakula oili? Linakosa nguvu mlimani? Robo saa nzima hakugusa spana. Kila jibu alilirudia kwa sauti ndogo, kama mvuvi anayekagua nyavu kabla ya kuingia ziwani. Nguvu zipo, dereva alisema, oili haipungui. Taa iliwaka kwenye tambarare, wanakaribia mjini, mwendo mdogo.

Ufundi wake aliuanzia Kigoma, ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, miaka ya ukimbizi, akarudi na meli zilizoanza kuwarejesha watu Baraka mwaka 2005. Ndiyo maana yeye husema spana pale vijana wake wanaposema kle, na masega pale waliosoma Kifaransa wanaposema po katalitiki. Mimi nalipenda neno masega, maana ndivyo kitu chenyewe kilivyo. Ndani ya kopo la chuma, chini ya sakafu ya gari, mna kauri yenye vitundu vingi vilivyopangwa kama sega la nyuki, na kuta zake zimepakwa madini ghali: platinamu, paladiamu, rodiamu. Kauri ikishapata moto wa nyuzi 300 hivi, sumu nyingi ya moshi unaopita humo hugeuka kuwa mvuke wa maji, naitrojeni na kaboni dioksidi.

Alichomeka kidude cha kupimia chini ya usukani, akafungua simu. P0420. Kompyuta inasema kazi ya masega iko chini ya kiwango. Kuifuta namba hiyo ni kazi ya kubonyeza mara moja, taa ikazimika na mteja akaondoka anacheka, mpaka irudi. Yeye aliiandika kwenye kipande cha boksi, pamoja na mwendo na joto la injini ambavyo kompyuta ilivihifadhi taa ilipowaka. Akamwambia dereva, "Mwanangu, namba hii imesema nani analia. Haijasema nani kampiga."

Injini ikiwa bado ya moto, alifungua mistari miwili kwenye simu. Gari hili lina sensa mbili za oksijeni, moja kabla ya masega na moja baada yake. Ya kwanza hupanda na kushuka bila kupumzika, kati ya volti 0.1 na 0.9, kompyuta ikiongeza na kupunguza esansi. Ya pili, masega yakiwa mazima, hutulia karibu na 0.6 au 0.7. Hapa mstari wa pili ulitulia, ukaanguka ghafla, ukapanda, ukatulia tena. Alimwambia kijana akanyage hadi mizunguko 2,500 kwa dakika, ashikilie. Mstari ukanyooka. Kijana akaachia, ukaanza kuanguka upya. Fundi alitaka irudiwe mara nne, na mara zote nne alitazama kana kwamba ni ya kwanza. Masega yaliyokufa yangeiga sensa ya kwanza mbio na taratibu. Haya yalitetereka pale tu moshi ulipotoka kwa unyonge. "Kuna hewa inaingia," alisema, akazima injini. Kutafuta tundu kunataka chuma baridi. Dereva alale.

Asubuhi alianza na buji, maana esansi isiyoungua ikifika kwenye masega huwakia humo humo na kuyeyusha kauri. Buji nne zililazwa juu ya kitambaa kwa mpangilio wa silinda. Zote kavu, kahawia iliyofifia. Tatu zilikuwa zimeshamjibu, lakini ya nne nayo aliinua kwenye jua, akaigeuza polepole.

Kisha akalala juu ya gunia, akaingia chini. Aligonga kopo la masega kwa ngumi: hakuna kilichochakacha ndani. Akapitisha kidole kwenye bomba, kutoka mbele kwenda nyuma, hadi kwenye kiungo kati ya masega na sensa ya pili. Hapo palikuwa na mstari wa masizi, mwembamba kama wanja. Injini ikawashwa, kijana akabana mdomo wa eksozi kwa tambara bichi, fundi akapaka maji ya sabuni kwa brashi. Mapovu yakachemka juu ya wanja ule.

Mimi ningetoka. Yeye aliendelea kutambaa kuelekea nyuma, kwa sababu kiungo hakilegei bure. Raba inayoshikilia eksozi ilikuwa imekatika. Bomba lilining'inia, na kila shimo la njia ya Fizi lilikitikisa kiungo hadi gasketi ikapasuka.

Gasketi ilitoka Uvira baada ya siku mbili. Raba aliikata kwenye tairi la lori, akipima mara tatu kabla ya kisu. Nyuso za kiungo alizisugua hadi zikang'aa, akaweka msumeno ulionyooka juu yake na kutazama kama mwanga unapita. Nati mbili alizikaza kwa zamu, robo mzunguko huku, robo kule. Ndipo akaifuta namba.

Tulipanda Fizi, tukageuza. Alikaa mbele, simu mapajani, mstari wa pili umelala kwenye 0.65. Rasi ya Ubwari ilipoonekana ng'ambo ya ghuba, dereva aliuliza kama tumemaliza.

Hakuinua macho. "Ngoja tufike tambarare," alisema. "Huko ndiko ilikowaka."