Bruda wa Fizikia

Shule ya Upili ya Keriko, Njoro, katika Bonde la Ufa nchini Kenya, ilikuwa na kompyuta moja na intaneti ya kusuasua. Bruda Peter Tabichi, Mfransisko aliyefundisha fizikia hapo, hakungoja maabara ya kifahari. Aliipa uhai klabu ya sayansi, na wanafunzi wake wakabuni kifaa cha kuwasaidia vipofu na viziwi kupima vitu. Wikendi alizuru familia za watoto waliokaribia kuacha masomo, kazi ambayo haimo kwenye silabasi yoyote.

Na mshahara? Asilimia 80 aliwapa wahitaji.

Mwaka 2019, Dubai, alitunukiwa Tuzo ya Mwalimu Bora Duniani: dola milioni 1. Bonde la Ufa tumezoea kulishangilia kwa wanariadha. Zamu hii lilimtoa mwalimu. Aliahidi fedha hizo ziiendeleze shule na jamii, akitazamia Afrika itoe wanasayansi wa kutajika duniani kote.