Voyager 2 kule Uranus: kubana kwanza, kujaza baadaye

Tarehe 24 Januari 1986 chombo cha Voyager 2 kilipita karibu na sayari ya Uranus, takriban kilomita bilioni 3 kutoka duniani. Mtambo wake wa kurushia mawimbi ulikuwa na nguvu ya wati 20 hivi, na mawimbi yenyewe yalichukua saa 2 na dakika 45 kufika. Pamoja na hayo, picha zilizopokewa zilikuwa safi, na safari hiyo ikafichua miezi 10 ambayo hakuna aliyeijua kabla yake.

Anayesimulia mkasa huu kwa kawaida huanza na antena. Ni haki yake: huko Australia, darubini ya redio ya Parkes, yenye kipenyo cha mita 64, iliunganishwa na antena za kituo cha Canberra ili zote zisikilize kwa pamoja. Lakini mimi naamini kazi ngumu zaidi ilifanyika ndani ya chombo, katika namna biti zilivyopangwa kabla hazijarushwa.

Tuanze na ufinyu wa njia. Mwaka 1979, kwenye sayari ya Jupiter, Voyager iliweza kutuma biti 115,200 kwa sekunde. Kule Uranus kasi ilishuka hadi kama 21,600. Picha moja ilikuwa na nukta 800 kwa 800, kila nukta biti 8. Jumla biti 5,120,000. Jupiter, picha hiyo ingepita kwa sekunde 45 hivi. Uranus ingehitaji karibu dakika 4, na chombo kinapita mara moja tu, hakisimami wala hakirudi.

Wahandisi wa maabara ya JPL, Marekani, wakaamua kubana picha. Voyager ilikuwa na kompyuta mbili za kushughulikia data, moja ikiwa ya akiba. Ile ya akiba ikaandikiwa programu mpya iliyotumwa kwa redio, chombo kikiwa tayari kimo njiani miaka kadhaa. Kazi yake: katika kila mstari wa picha, tuma nukta ya kwanza nzima, kisha kwa zinazofuata tuma tofauti tu kati ya nukta na jirani yake. Nukta zinazopakana hufanana, kwa hiyo tofauti huwa ndogo na huhitaji biti chache. Mzigo ulipungua kwa asilimia 60 hivi.

Hapo ndipo ilipojitokeza hatari mpya. Katika picha isiyobanwa, biti moja ikigeuka njiani, 0 ikawa 1, hasara ni doa moja. Jicho hata halilioni. Katika picha iliyobanwa, kila nukta inategemea iliyotangulia, hivyo kosa moja huharibu mstari wote uliobaki. Kubana ni kuondoa marudio, na marudio yale yale ndiyo yaliyokuwa yakiikinga picha bila mtu kuyapanga. Ilibidi kinga irudishwe, safari hii kwa kipimo.

Kinga iliyokuwa ikitumika tangu Jupiter na Saturn ilikuwa msimbo wa Golay: biti 12 za habari huongezewa 12 nyingine, na mpokeaji huweza kusahihisha makosa 3 kati ya hizo 24. Ni msimbo mzuri, ila mlafi. Piga hesabu ukichukulia kwamba njia yote ni ya picha: picha iliyobanwa ingepita kwa sekunde 95, lakini kwa Golay ingerudi hadi 190. Faida kubwa ya kubana ingeliwa na kinga yenyewe. Msimbo wa Reed-Solomon uliochukua nafasi yake huongeza baiti 32 kwa kila baiti 223. Sekunde 95 zinakuwa 108 tu.

Msimbo huo ulichapishwa mwaka 1960 na Irving Reed na Gustave Solomon, katika makala ya kurasa chache. Wazo lake linaweza kuonyeshwa kwa karatasi na penseli. Chukua namba mbili unazotaka kutuma, 3 na 2, uzifanye mstari ulionyooka: 3 kujumlisha mara 2 ya nafasi. Kwenye nafasi ya 1, 2, 3 na 4 unapata 5, 7, 9, 11. Tuma hizo nne. Mwenzako akipokea 5, 7, 4, 11, atajaribu kupitisha mstari kwenye nukta tatu, na atakuta mmoja tu unaowezekana, unaopita 5, 7 na 11. Ile 4 imejifichua, na thamani yake halisi imejulikana, bila kuuliza chochote. Nukta mbili za ziada zimesahihisha kosa moja. Voyager ilifanya hivyo hivyo kwa mkunjo wa namba 223 badala ya mstari wa namba mbili, kwa hesabu maalumu ambayo jibu lake halizidi ukubwa wa baiti. Nukta 32 za ziada, makosa 16. Kuuliza upya kungegharimu saa tano na nusu, kwenda na kurudi.

Sehemu ninayoipenda zaidi ni jinsi misimbo miwili ilivyopangwa mmoja ndani ya mwingine. Ule wa ndani, uliorusha alama mbili kwa kila biti, ulifumbuliwa duniani kwa njia ya Andrew Viterbi ya mwaka 1967. Njia hiyo hushinda kelele nyingi, lakini inapokosea hukosea kwa mkupuo, biti kadhaa mfululizo. Reed-Solomon huhesabu kwa baiti: biti moja ikiharibika au nane zote, kwake ni kosa moja. Udhaifu wa mmoja ukaangukia pale pale mwenzake alipo na nguvu. Tena baiti za mafungu mbalimbali zilichanganywa kwa zamu, ili mkupuo mmoja usilemee fungu moja.

Na kifaa cha kuandika msimbo wa Reed-Solomon kilipakiwa tangu chombo kiliporushwa Agosti 1977, wakati safari iliyoidhinishwa rasmi iliishia Saturn. Mtu aliyekiweka alikuwa akibajeti kwa ajili ya kibali ambacho bado hakijatolewa.

Mpangilio huo wa misimbo miwili uliingia pia kwenye DVB-S, kiwango cha televisheni ya satelaiti cha miaka ya 1990 kilichotumiwa na ving'amuzi vingi vya dishi: pakiti ya baiti 188 huongezewa 16, na makosa hadi 8 hurekebishwa. Ndiyo maana mvua ikianza kudhoofisha mawimbi, picha haififii wala haijai chenga kama zamani za televisheni ya analogi. Inabaki kamili, kwa kuwa makosa 8 na sifuri hutoa picha ile ile. Likifika la 9, pakiti haiokoleki tena. Skrini inavunjika vipande vya mraba, kisha inaganda.