Jinsi jeni ya ugonjwa wa Huntington ilivyosakwa

Ugonjwa wa Huntington huua seli za ubongo kidogo kidogo. Viungo huanza kuchezacheza bila hiari ya mwenyewe, matamshi huvurugika na akili hufifia. Wengi huanza kuugua kati ya miaka 30 na 50, wakiwa tayari wamezaa, na kila mtoto wao ana uwezekano wa nusu kwa nusu wa kuurithi. Daktari Mmarekani George Huntington aliueleza urithi huo mwaka 1872, lakini mahali ilipo jeni yenyewe palibaki fumbo kwa zaidi ya miaka 100.

Njia ya kuisaka ilipendekezwa mwaka 1980 na David Botstein na wenzake: isitafutwe jeni, zitafutwe kwanza alama, yaani sehemu za DNA ambamo watu hutofautiana, kisha iangaliwe ni ipi inayorithiwa pamoja na ugonjwa. Vilivyo jirani kwenye kromosomu moja kwa kawaida hurithiwa pamoja. Vilivyo mbali hutengana. Njia hiyo hudai ukoo mkubwa, kwa sababu katika familia yenye watoto wawili watatu bahati tupu inaweza kudhaniwa kuwa ushahidi.

Ukoo huo ulikuwapo Venezuela, katika vijiji vya kandokando ya Ziwa Maracaibo. Daktari wa huko, Américo Negrette, alikuwa ameshawachunguza wagonjwa hao tangu miaka ya 1950, na anastahili kutajwa mara nyingi zaidi kuliko anavyotajwa. Kuanzia 1981 Nancy Wexler, mwanasaikolojia Mmarekani aliyefiwa na mama yake kwa ugonjwa huohuo mwaka 1978, alirudi huko mwaka baada ya mwaka pamoja na timu yake. Waliuliza nani kamzaa nani, wakachunguza mwendo na macho ya wanaukoo, wakachukua damu. Kazi hii ya nasaba ndiyo iliyobeba utafiti mzima.

Damu ilipelekwa Boston, kwenye maabara ya James Gusella. DNA ilikatwa kwa kimeng'enya, vipande vikatenganishwa kwa urefu kwa kupitisha umeme kwenye jeli, vikahamishiwa kwenye utando, kisha vikalowekwa pamoja na kipande kingine cha DNA chenye mionzi. Kipande hicho hunasa tu penye mfuatano unaolingana nacho, na filamu ya eksirei ikilazwa juu ya utando huonyesha mistari myeusi. Kwa alama iliyoitwa G8, mistari ilijipanga kwa namna nne: A, B, C na D. Katika ukoo wa Maracaibo, wagonjwa walikuwa na C, kizazi baada ya kizazi. Watafiti walijiandaa kupima mamia ya alama. Hii ilipatikana miongoni mwa zile za mwanzo kabisa. Novemba 1983 jarida la Nature lilitangaza kwamba jeni iko kwenye kromosomu ya 4.

Kuifikia jeni yenyewe kulichukua karibu miaka 10 mingine ya ushirikiano wa maabara kadhaa, hadi Machi 1993. Kosa lilikuwa fupi: herufi CAG za DNA hujirudia kupita kiasi. Marudio 26 au pungufu hayana madhara. Yakifika 40 au zaidi, ugonjwa huja iwapo mtu ataishi umri wa kawaida. Marudio yakizidi sana, dalili huanza mapema zaidi, hata utotoni. Tangu hapo kipimo cha damu kinaweza kumpa jibu mtu asiye na dalili yoyote. Dawa zinazotumika, hata hivyo, hupunguza tu dalili kama kule kuchezacheza kwa viungo, na wengi waliozaliwa na mzazi mgonjwa huamua kutopimwa.