Mtazamo wa Mwalimu na Upungufu wa Hojaji: Teknolojia katika Somo la Kiingereza nchini Rwanda

Tafiti nyingi tunazosoma kuhusu walimu na teknolojia hutegemea hojaji. Mwalimu wa Kiingereza wa sekondari huulizwa kama kompyuta inamfaa, naye huchagua kati ya "nakubali sana" na "sikubali kabisa". Mtafiti hujumlisha, kisha huandika kwamba mtazamo ni chanya lakini matumizi ni haba, na kwamba walimu wapewe semina. Kwa maoni yangu, hitimisho hilo linamwonea mwalimu.

Hojaji hizo mara nyingi hufuata kielelezo cha Fred Davis cha mwaka 1989: mtu huikubali teknolojia akiiona ina manufaa na ni rahisi kuitumia. Davis alipima vipengele hivyo kwa watumiaji 152 na programu nne. Kielelezo kinamfaa mtu aliyeketi peke yake mbele ya kompyuta. Mwalimu husimama mbele ya darasa zima, nalo linamtazama.

Hapo ndipo historia yetu inapoingia. Mwaka 2008 serikali ya Rwanda iliamua Kiingereza kichukue nafasi ya Kifaransa katika kufundishia. Walimu waliosomeshwa kwa Kifaransa walilazimika kujifunza Kiingereza huku wakikitumia kazini. Miaka hiyohiyo kompyuta za XO zilikuwa zikiingia katika shule za msingi, na baadaye sekondari zikaanza kupata vyumba vyenye kompyuta, projekta na intaneti. Sasa mwalimu huyo aambiwe awachezee wanafunzi sauti ya mzungumzaji wa London. Watasikia matamshi mawili, la mashine na la kwake, na vijana wanajua kulinganisha! Akisitasita, tusiseme anaogopa mashine. Heshima yake mbele ya wanafunzi ndiyo iliyo hatarini, na sijaona hojaji yenye swali la heshima.

Sikatai kwamba wakaidi wapo. Wengine huilaumu simu kwa kila kosa la tahajia, hata yale yaliyokuwapo kabla ya simu.

Lakini katika shule niliyofanyia mazoezi ya kufundisha, chumba cha kompyuta kilikuwa kimoja kwa masomo yote, na ufunguo ulikaa kwa msimamizi. Zamu ya Kiingereza ilikuwa mara moja kwa wiki, na robo ya kipindi iliishia kwenye kuwasha mashine. Mwalimu mmoja aliacha kukigombania chumba hicho. Usiku alipakua mazungumzo ya Kiingereza kwa bando lake mwenyewe, na asubuhi aliiweka simu juu ya dawati la mbele, wanafunzi wakasogea kusikiliza. Alipoletewa hojaji, swali lilikuwa kama anatumia kompyuta za shule katika kufundisha. Alitia alama kwenye "mara chache sana", akairudisha karatasi, akaenda darasani na simu yake.